Vitana Vitatu, Wateja Ishirini

Mama mmoja wa mtaani kwetu Temeke alikuja saluni kwangu Jumatatu asubuhi, siku ambayo kwa kawaida wateja ni wachache, akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka sita aliyefungwa kilemba cha khanga. Hakupandisha sauti. Alisalimia, akaketi, akamfungua mtoto kilemba, kisha akasema, "Dada, naomba utazame mwenyewe." Juu ya sikio la kushoto palikuwa na duara la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, lenye magamba ya kijivu, na nywele zake zilikuwa zimekatika karibu kabisa na ngozi, zikabaki nukta nyeusi. Nilijua kwamba ni mapunye kabla hajamaliza kunieleza kuwa yalianza wiki mbili baada ya kumleta mtoto kusukwa kwangu.

Siku chache kabla ya hapo jirani mwingine alikuwa amenieleza habari kama hizo za mwanawe wa kiume, aliyenyolewa na kijana niliyemkodisha kona moja ya saluni kwa kazi ya kinyozi. Watoto huambukizana mapunye shuleni, madrasa, na hata nyumbani kwenye mto mmoja wa kulalia, kwa hiyo sikuwa na namna ya kuthibitisha kwamba chanzo ni mimi, na yule mama mwenyewe hakunilaumu waziwazi. Lakini niliijua saluni yangu. Nilijua kwamba Jumamosi tuliyomsuka binti yule tulikuwa wasusi wanne, wateja wapatao ishirini, na vitana vitatu.

Kama mtu angeniuliza kabla ya siku hiyo, ningemwapia kwamba saluni yangu ni safi. Sakafu ilipigwa deki mara tatu kwa siku, nywele zilifagiliwa kabla mteja hajanyanyuka kitini, vioo viling'aa, na mlangoni bado ilikuwapo ndoo yenye koki tuliyoiweka Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa nchini. Bwana afya alipopita alitazama sakafu, choo na pipa la taka, akaridhika. Ninapoikumbuka miezi ile ya korona ninaona jambo ambalo wakati ule halikunipitia akilini hata mara moja: tuliwanawisha wateja mikono mlangoni kwa sabuni na maji tiririka, kisha tukawaketisha na kuwachana mmoja baada ya mwingine kwa kitana kilekile, ambacho kati ya kichwa na kichwa kilifutwa kwa taulo lililokuwa begani mwa msusi tangu asubuhi.

Nilimweleza yaliyonipata muuguzi mmoja ambaye ni mteja wangu wa miaka mingi, nikitarajia anitajie dawa kali ya kununua. Hakutaja dawa. Aliomba kitana kimojawapo, karatasi nyeupe na pini ya nywele. Akapitisha ncha ya pini kwenye shina la meno ya kitana, jino baada ya jino, akiikung'utia karatasini kila mara, hadi pakawa na kilima kidogo cha uchafu wa kijivu, mzito kama nta, uliochanganyika mafuta ya nywele, mba, vumbi na vipandevipande vya nywele vifupi kuliko kope. Kwa macho, kitana kile kilikuwa safi. Nilikuwa nimekishika mwenyewe dakika tano zilizotangulia bila kuona chochote. Akaniambia kwamba kuvu wa mapunye hujificha ndani ya kipande cha unywele na ndani ya gamba la ngozi, na kwamba hapo anaweza kuishi kwa miezi akisubiri kichwa kingine. "Ukimwagia spiriti juu ya uchafu huu, dada yangu, utalowesha ganda tu. Cha ndani kitabaki kizima."

Hilo ndilo jambo la kwanza nililolazimika kujifunza upya, ingawa nilikuwa na miaka tisa kazini. Kuosha ni kazi moja, na kuua vijidudu ni kazi nyingine inayokuja baadaye. Ya pili haiwezi kuziba pengo la ya kwanza. Klorini, kwa mfano, hupoteza nguvu inapokutana na mafuta, damu na uchafu, kwa sababu hutumika kupambana na hivyo kabla ya kuwafikia vijidudu. Kwa hiyo kitana huanza kwa kutolewa nywele zote, kisha husuguliwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi yenye nywele ngumu mpaka kwenye mashina ya meno, kisha husuuzwa, na hapo ndipo kinapostahili kuingia kwenye maji ya klorini.

Maji yenyewe nayo yana kipimo. Tulizoea kumimina Jik kwa kukisia, tukiamini kwamba harufu kali ndiyo nguvu. Muuguzi alinifundisha hesabu ambayo nimeiandika kwa kalamu ya rangi na kuibandika juu ya sinki: chukua asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, igawe kwa asilimia unayoitaka, kisha utoe moja, na jibu ndilo idadi ya vipimo vya maji. Jik yenye asilimia 3.5, ukitaka maji ya asilimia 0.5, ni 3.5 kugawanya kwa 0.5, yaani 7, toa 1, unabaki na 6. Kikombe kimoja cha Jik huingia kwenye vikombe sita vya maji ya baridi, na kitana hukaa humo dakika kumi kikiwa kimezama chote. Chupa za dawa hizi hutofautiana, kwa hiyo ni lazima kusoma maandishi kila unaponunua. Maji hayo hayalali. Jioni humwagwa na asubuhi huchanganywa mapya, maana klorini hufifia, hasa ikikaa wazi au juani. Na kamwe tusiyachanganye na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwa kuwa hewa inayotoka hapo inaweza kumdhuru mtu mapafu ndani ya chumba kidogo kama vile vyumba vyetu vya saluni.

Sasa nije kwenye kisanduku. Miaka miwili kabla ya mkasa huu nilikuwa nimenunua Kariakoo kisanduku chenye mlango wa kioo na taa ya buluu ndani, cha aina inayoonekana kwenye saluni nyingi za mjini, na kilinigharimu faida ya wiki tatu. Nilikiweka mahali ambapo kila anayeingia angekiona. Wateja walikipenda, na mimi nilikipenda kuliko wao. Vitana vilivyotoka kichwani viliingizwa humo moja kwa moja, vikapangwa kimoja juu ya kingine, na baada ya muda mfupi vikatolewa vikiwa na joto kidogo, tukaamini kwamba vimetakaswa. Lakini mwanga hauzunguki kona. Unapofika kwenye kivuli cha kitana cha juu, au kwenye uchafu uliojaa kati ya meno, hapo umekomea, na kilicho nyuma hakijaguswa. Isitoshe, baadhi ya taa hizo ni za buluu kwa rangi tu, wala hazitoi mionzi inayoua kitu. Bado ninacho kisanduku hicho na ninakitumia kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kusafishwa, taa ikiwa imezimwa, kwa kuwa mlango wake unazuia vumbi vizuri.

Somo ambalo nadhani ni kubwa kuliko yote nililipata nilipojaribu kufuata maelekezo hayo Jumamosi iliyofuata, nikashindwa kabla ya saa sita mchana. Kuosha kitana ni dakika mbili au tatu, kulowesha ni dakika kumi, kusuuza na kukausha ni dakika nyingine kadhaa; kwa jumla ni robo saa na zaidi. Wasusi wanne wenye vitana vitatu hawana robo saa. Mteja ameketi, nywele zimeoshwa, maji yanamtiririka shingoni, na kitana kiko kwenye beseni. Msusi atafanya nini? Atakitoa kabla ya wakati, atakifuta, ataendelea. Nilimwona mmoja wao akifanya hivyo, na nilipofungua mdomo kumkaripia nikajiona mimi ndiye ninayestahili karipio, kwa sababu nilikuwa nimempa kanuni bila kumpa kifaa cha kuitekelezea. Jumatatu nilirudi Kariakoo nikanunua vitana dazeni nne: vya mkia, vya meno mapana na machanuo. Bei ya kile kisanduku ingeninunulia zaidi ya dazeni kumi na tano. Tangu hapo kila mteja ana vitana vyake viwili kwa siku hiyo, vinavyotoka kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko na, vikishatumika, huingia kwenye ndoo nyekundu bila kurudi nyuma. Usiku vyote huoshwa na kuloweshwa kwa pamoja, vikapangwa juu ya taulo safi vikauke. Hakuna msusi anayelazimika kuchagua kati ya usafi na mteja anayesubiri. Ninapozungumza na wenye saluni wenzangu huwa ninaanzia hapa, kwa sababu wengi wetu huhangaika kutafuta dawa yenye nguvu zaidi ilhali tatizo letu ni uchache wa vifaa.

Mashine ya kunyolea haiwezi kuzamishwa, na klorini huiozesha meno kwa kutu, kwa hiyo kinyozi wangu alihitaji njia yake. Alikuwa na desturi inayoonekana kwa vinyozi wengi: kupulizia spiriti kwenye meno ya mashine inayounguruma na papo hapo kuiweka kisogoni mwa mteja. Wengine huipitishia moto mara moja, mteja akaona mwali na kuridhika. Mambo hayo mawili hayampi kijidudu muda wa kufa, na la pili limewahi kumuunguza kijana wa saluni ya jirani mkononi. Sasa anazo seti tatu za meno. Seti iliyotumika hufunguliwa kwa bisibisi, hupigwa brashi hadi nywele za ndani zitoke, huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, kisha hulala kwenye kopo la spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi, na mwishoni hutiwa tone la mafuta. Alishangaa kusikia kwamba spiriti ya asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko ile inayokaribia 100. Maji yaliyomo ndiyo yanayoisaidia kupenya, na ndiyo yanayoichelewesha isiruke hewani kabla ya kumaliza kazi.

Yale ya mapunye yalikuwa yametulia, na nilidhani nimefika, mpaka siku ya sindano. Ilikuwa mwaka 2022, nikimshonea mteja wivingi. Anayejua kazi hii anajua kwamba sindano iliyopinda hupita chini ya msuko wa mistari, karibu kabisa na ngozi ya kichwa, na kwamba mkono wa kushoto huipokea upande wa pili bila kuiona. Mteja alishtuka kidogo, akasema "Taratibu, mama," na katika tendo lilelile ncha ikaingia kwenye kidole changu cha shahada. Niliutazama uzi mweusi ukipita kwenye tone la damu, nikashindwa kujua ni damu yangu, yake, au yetu sote wawili. Jambo la kutisha ni kwamba nilikuwa nimechomwa hivyo mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara nilikinyonya kidole, nikaendelea kushona, na sindano ikarudi kwenye mto wake kumsubiri mwingine.

Safari hii niliosha kidole kwa sabuni chini ya bomba, nikaomba radhi, nikaenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Nilipimwa, nikaanzishiwa dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI, ambazo ni lazima zianze ndani ya saa 72 na humezwa kwa siku 28. Lakini daktari alitumia muda mrefu zaidi kunieleza kuhusu homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao nilikuwa nikiusikia bila kuuhusisha na nywele. Virusi vyake huweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwenye kitu kikavu, hata pale ambapo damu haionekani kwa macho. Sindano iliyotumika Jumatatu ni hatari bado Ijumaa. Chanjo ipo, na watoto wa Tanzania wameanza kuipata kwa kawaida tangu mwaka 2002, lakini sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Nilichanjwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wasusi wangu wote wamechanjwa kwa gharama ya saluni, na ninaihesabu gharama hiyo kama ninavyohesabu kodi ya pango.

Sindano za kushonea ni za bei ndogo kiasi kwamba sikuona sababu ya kubishana na njia za kuzitakasa. Kila mteja hufunguliwa yake, na akimaliza hutupwa ndani ya kopo gumu la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, pamoja na nyembe. Habari ya nyembe inahitaji maneno machache, kwa maana hapo nilikuta jambo lililonisikitisha. Tulikuwa tukitinda nyusi kwa wembe mpya, au ndivyo nilivyoamini, mpaka nilipomkuta msichana mmoja akiukunja wembe uliotumika ndani ya karatasi yake vizuri kabisa na kuurudisha kwenye pakiti. Hakuwa na nia mbaya. Kwao ndivyo walivyofundishwa kuutunza wembe ili usishike kutu. Lakini mteja anayefuata angeuona ukitoka kwenye karatasi na angeamini kuwa ni mpya. Sasa wembe hufunguliwa mbele ya mteja na hutumbukizwa koponi mbele yake, na karatasi huchanwa.

Kwenye kucha na miguu nimekuwa mkali zaidi ya inavyohitajika pengine. Kikata kucha na kisukumio cha chuma huoshwa, kisha hutokoswa kwenye maji yanayochemka kwa dakika ishirini, zikihesabiwa tangu maji yanapochemka na bila kuongeza kifaa kingine katikati. Tupa ya karatasi ya msasa, kijiti cha mti na sifongo haviwezi kusafishika kwa sababu vinanyonya, basi mteja huenda navyo nyumbani. Ngozi laini inayozunguka mzizi wa kucha hatuikati tena, hata mteja akiomba, kwani ndiyo mlango uliofungwa na Mungu mwenyewe. Nimeona kidole kimoja kikivimba na kutunga usaha, kile ambacho bibi yangu angekiita mdudu, kwa sababu ya mkato usiozidi upana wa uzi. Nilishauriwa kununua mashine ya kuoshea miguu inayotoa mapovu, nikakataa baada ya kusoma yaliyotokea California, Marekani, mwaka 2000, ambapo wateja zaidi ya mia moja wa saluni moja walipata majipu ya miguuni. Bakteria walikuwa wamejijenga nyuma ya kichujio cha mashine, kwenye nywele na vipande vya ngozi vilivyonasa humo, na walionyoa miguu kabla ya huduma ndio walioathirika zaidi. Beseni la plastiki halina nyuma. Ninaliosha, nalisugua, nalijaza maji ya klorini, nalisuuza, na ninaweza kuliona lote.

Nilitarajia wateja wafurahie mabadiliko haya, na wengi walifurahi, lakini si wote. Mzee mmoja wa kike, mteja wangu tangu nilipofungua, alinitazama nikivaa glavu na kutoa kitana kipya, nami nilikuwa nimeshamwamkia shikamoo na kumsaidia kuketi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo umeniona mimi mchafu?" Neno lile lilinichoma kuliko sindano. Nilipiga magoti kando ya kiti chake nikamwambia, "Hapana, mama. Ninakukinga wewe dhidi ya uchafu wa waliotangulia kukaa hapa." Tangu hapo nimejifunza kusema kabla ya kutenda, na kumtendea kila mtu vilevile, tajiri na maskini, mgeni na mwenyeji, ili pasiwepo anayejiona ametengwa. Hali kadhalika nikiona mapunye kwenye kichwa cha mtoto simtaji mtoto mbele ya watu. Humwita mzazi pembeni, nikamweleza kwamba mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mzizi wa unywele, kwamba mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kutoka hospitali, na kwamba nitamsuka kwa furaha atakapopona. Yule binti wa kilemba alipona baada ya wiki nane, na mama yake aliniruhusu nilipe dawa zote.

Saluni hufungwa saa mbili na nusu usiku. Kabla ya kuzima taa, msusi aliye zamu huhesabu vitana vilivyopangwa juu ya taulo, na ni lazima vifike arobaini na nane. Usiku mwingine vinakuwa arobaini na saba, na wasichana wamechoka, daladala zinapungua, wanataka kwenda. Tunakitafuta hata hivyo, na karibu kila mara tunakikuta kwenye mfuko wa aproni ya mmoja wetu, kikiwa na nywele za mteja wa mchana, mahali ambapo kesho asubuhi mkono ungekifikia kabla ya kuifikia ndoo nyeupe.